Nathi ya kwetu au nathi fupi ya Marekani: ipi uipande nyumbani?

Kila mwaka Machi ikifika, simu yangu huanza kupokea picha za pakiti za mbegu. Wanaozituma ni watu wangu walioko huku Marekani: binamu wa Massachusetts, shemeji wa Texas, majirani wa hapa Minnesota tunaosali pamoja. Kwenye kila pakiti kuna tunda la rangi ya dhahabu ndani ya kifuko chembamba kama karatasi, na swali ni lile lile: "Hii ndiyo nathi ya kwetu?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Ni ndugu yake, na tofauti kati ya hao ndugu wawili ndiyo itakayoamua kama utakula matunda mwaka huu au utabaki na kichaka kizuri cha majani.

Ile tuliyoichuma kando ya ua tukitoka shule, ambayo Wakikuyu huiita nathi, Wakisii chinsobosobo na Waganda entuntunu, kitaalamu ni Physalis peruviana. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Ilifika Rasi ya Tumaini Jema, ikalimwa sana huko katika karne ya 19, na jina lake la Kiingereza, Cape gooseberry, likabaki na kumbukumbu ya Rasi hiyo. Ya pili ni Physalis grisea, mwenyeji wa mashariki mwa Amerika Kaskazini. Pakiti nyingi bado huiandika kwa jina lake la zamani, Physalis pruinosa, na mbegu yake inayojulikana zaidi ni Aunt Molly's, ambayo asili yake hutajwa kuwa Poland. Hapa nitaziita nathi ndefu na nathi fupi, kwa sababu zikishaota hilo ndilo jambo la kwanza utakaloliona.

Nimepanda zote mbili kwa misimu sita, kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba na kwenye ndoo barazani. Ushauri wangu ni huu: kama unaishi mahali ambapo jalidi, ile baridi ya kugandisha, huua bustani kila mwaka, panda nathi fupi iwe ndiyo mavuno yako, na nathi ndefu uwe na mche mmoja tu ndani ya ndoo. Kama uko Limuru, Kinangop, Kabale au Lushoto, usihangaike kuagiza mbegu ya nathi fupi. Ile ndefu ndiyo yenye kufaa hali ya hewa yako, na mche mmoja utakulisha zaidi ya mwaka mmoja.

Hesabu ya siku

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda nathi ndefu peke yake, miche sita. Sikuwa najua kwamba kuna nyingine. Nilisia mbegu mwanzoni mwa Aprili, nikahamishia miche nje wiki ya mwisho ya Mei, nikachimbia samadi ya kutosha. Ilikua vizuri mno. Julai ilinifika kiunoni, Agosti ilinifika kifuani, majani mapana laini kama kitambaa cha mahameli. Maua yalichelewa, lakini yalipokuja yalikuwa mengi, ya manjano na madoa ya kahawia ndani. Mwisho wa Septemba kila tawi lilikuwa limening'iniza vifuko vya kijani. Nikawaambia watoto wasubiri kidogo tu.

Wiki ya kwanza ya Oktoba jalidi ikapiga usiku mmoja. Asubuhi nilikuta majani yamekuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyomwagiwa maji yanayochemka. Nilifungua kifuko kimoja: ndani kulikuwa na tunda gumu la kijani, saizi ya njegere, likiwa na ule utomvu unaonata vidoleni. Nikafungua cha pili, cha kumi, cha thelathini. Kwenye miche yote sita nilipata matunda 19 yaliyoiva.

Kosa halikuwa la mmea. Nathi ndefu ni ya kudumu. Kwao Andes haina haraka, kwa sababu hakuna baridi kali inayokuja kuifuta. Ikishapandikizwa hutumia miezi miwili au zaidi kujijenga kabla ya kutoa maua ya maana, kisha kila tunda huhitaji siku 70 hadi 80 tangu ua lifunguke mpaka liive. Jumlisha, unapata kama siku 140. Hapa Minneapolis, ukipandikiza mwisho wa Mei, unabaki na siku 125 au 130 hivi kabla ya jalidi ya kwanza. Yaani nilikuwa nimepungukiwa tangu siku ile nilipopanda, nikamaliza majira yote ya joto nikimwagilia bila kujua.

Nathi fupi ni mmea wa mwaka mmoja, na mmea wa mwaka mmoja hujua kwamba muda ni mfupi. Huanza kutoa maua ikiwa bado ndogo ya kutia huruma, pale tu matawi yanapoanza kugawanyika, na huendelea kutoa kila tawi linapogawanyika tena. Siku 65 hadi 75 baada ya kupandikizwa unaanza kuokota. Kwangu hiyo ni mwanzoni mwa Agosti, na huokota mpaka jalidi inaponifungia. Ukiwa na wiki nane za kuokota badala ya wiki moja, hata kama tunda ni dogo, bakuli linajaa.

Kuna njia ya kuishinda hesabu hiyo kwa nathi ndefu, na ninaifuata mpaka leo. Mwanzoni mwa Septemba, kata vipande vya matawi yaliyokomaa, urefu wa kiganja na vidole, ondoa majani ya chini na maua yote, uvichomeke kwenye udongo mbichi ndani ya kopo. Hutoa mizizi kwa urahisi. Viweke kwenye dirisha linalotazama kusini majira yote ya baridi. Mei vinapotoka nje, tayari ni miti midogo yenye umri, na maua huja Juni badala ya Agosti. Njia nyingine ni kuikuza kwenye ndoo tangu mwanzo. Kabla ya jalidi unaifyeka ibaki kama sentimita 30, unaiingiza ndani mahali penye ubaridi lakini pasipoganda, unaipa maji kidogo tu. Jiandae kwa inzi weupe. Ndani ya nyumba hakuna mvua wala upepo wa kuwapunguza, na nathi wanaipenda sana. Mimi huyafuta majani upande wa chini kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mara moja kwa wiki, na ni kazi ya kweli. Ndiyo maana nasema mche mmoja.

Nafasi

Nathi fupi husimama sentimita 45 hadi 60, halafu hutambaa. Upana wake hufika sentimita 90, kwa hiyo ukiipanda karibu na njia utaikanyaga. Haihitaji kuegemezwa. Ndoo ya lita 20, ile ya rangi ya ukuta, ukiitoboa chini inaitosha, na watu wenye baraza ndogo ya fleti wanaweza kuvuna bila shida mradi jua lifike kwa muda wa saa sita kwa siku au zaidi.

Nathi ndefu hufika mita moja hadi moja na nusu, na ikiegemezwa hupita hapo. Matawi yake ni mapana na huvunjika ghafla kwenye maungio, hasa yakiwa na mzigo wa matunda baada ya mvua. Tia miti mitatu kuizunguka na kamba kiunoni tangu ikiwa ndogo; ukingoja mpaka ianguke, utaivunja ukiinyanyua. Acha mita moja kati ya mche na mche. Kwenye chombo, lita 40 ndipo inapopumua.

Ukiwa nyumbani Afrika Mashariki na una ua wa miti au seng'enge, tatizo la kuegemeza limekwisha kutatuliwa: iache nathi ndefu ijiegemeze hapo.

Udongo, na kosa la samadi

Hapa zinafanana, lakini kosa linaiumiza nathi ndefu zaidi, kwa hiyo nalieleza. Baada ya ule mwaka wa kwanza nilimpigia Mama simu Kinangop.

"Mama, nathi yangu imekuwa msitu, lakini matunda yamechelewa."

"Uliipa nini?"

"Samadi. Debe kwa kila shimo."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, huku nani anaitia nathi samadi? Inaota penye mawe, kando ya ua, na ndege ndio wanaoipanda. Wewe umeilisha, nayo imeamua kunenepa."

Alikuwa sahihi. Naitrojeni nyingi huifanya iendelee kujenga majani na kusahau maua. Siku hizi nachanganya mboji kidogo tu wakati wa kupanda na siongezi kitu tena, isipokuwa zile za kwenye ndoo, ambazo hupewa mbolea ya maji iliyopunguzwa makali kila baada ya wiki tatu, kwa kuwa udongo wa ndoo huishiwa. Udongo usiotuamisha maji ndio muhimu. Maji ya kadiri, bila kukatika kabisa wakati wa maua. Joto likizidi nyuzi 30 kwa siku nyingi nathi ndefu hudondosha maua, na shemeji wa Texas ameliona hilo kila Julai. Fupi huvumilia joto la kiangazi vizuri zaidi.

Jambo moja la kutopuuza: zote ni za ukoo wa nyanya, viazi, biringanya na pilipili. Usizipande pale ulipokuwa na mmoja wa hao mwaka uliopita, maana magonjwa ya udongoni, kama mnyauko bakteria, wanaambukizana kama watu wa nyumba moja.

Kuokota na kuchuma

Hapa ndipo watu hushindwa kuelewana na nathi fupi. Tunda lake halingoji uchume. Likiiva, au likikaribia kuiva, linaanguka lenyewe likiwa ndani ya kifuko chake, na unaliokota chini. Mara ya kwanza nilidhani mmea unaumwa. Kumbe ndivyo unavyokutaarifu.

Tandaza nyasi kavu au hata maboksi yaliyofunguliwa chini ya mmea kabla haujaanza kuangusha. Bila hivyo utaokota kwenye tope, na panya wa bustani watakutangulia. Yanyanyue matawi taratibu kwa mkono mmoja, yatikise kidogo, okota kwa mkono wa pili. Kila siku mbili inatosha. Yaliyoanguka yakiwa bado na kifuko cha kijani usiyatupe wala usiyale: yatandaze kwenye sinia ndani ya nyumba kwa siku kadhaa, mpaka kifuko kikauke kabisa na tunda libadilike kuwa manjano. Watoto wangu wamejifunza kanuni moja tu, na nawaomba wazazi wote waifundishe mapema: lenye kijani haliliwi. Tunda bichi, majani, shina na kile kifuko vina sumu za ukoo wa mnavu na viazi, na tumbo la mtoto halihitaji kingi.

Nathi ndefu hushikilia matunda yake zaidi, ingawa nayo huangusha mengine. Unachuma kifuko kinapogeuka rangi ya majani makavu na tunda ndani limekuwa la machungwa. Kwa mtu asiyeweza kuinama, hiyo si tofauti ndogo. Jirani yangu mmoja, mama mzee mwenye magoti mabovu, alijaribu nathi fupi mwaka mmoja akaiacha. Sasa nampa kipandikizi cha ndefu kila Mei, na anachuma akiwa amesimama.

Tabia hiyo ya kuangusha na kutambaa ndiyo iliyowafanya wanasayansi waiangalie nathi fupi kwa makini. Mwaka 2018 watafiti wa Cold Spring Harbor na Boyce Thompson, taasisi mbili za jimbo la New York, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kwa kuhariri jeni chache tu, zile zile zilizobadilika zamani kwenye nyanya, mmea unaweza kushikamana zaidi badala ya kutambaa na tunda likaongezeka uzito kwa karibu robo. Nimeisoma habari hiyo kwa furaha, kwa sababu mmea huu umepuuzwa muda mrefu. Pakiti ya Aunt Molly's, lakini, ni mbegu ya asili, na itaanguka chini kama ilivyoanguka siku zote.

Ladha

Nathi fupi ni tamu. Ina kitu cha nanasi na kitu cha vanila, na uchachu ni kidogo sana. Tunda ni kama punje kubwa ya njegere, mara nyingine kama zabibu ndogo. Watoto waliozaliwa huku huipenda kuliko ile ndefu, na sibishani nao.

Ndefu hufika sentimita 2, ngozi yake inang'aa, na ukiiuma inapasuka: kwanza uchachu unaokunja uso, kisha utamu unaokuja nyuma yake. Kwangu mimi hakuna shindano. Ninapoila ninasikia harufu ya ua wa mikeyapo baada ya mvua, na viatu vya shule vilivyolowa. Kama unapanda kwa sababu ya kumbukumbu, fupi haitakuridhisha hata ikikupa ndoo tatu. Nakuambia mapema usije ukaulaumu mmea usiokuwa na hatia.

Kwa jamu, ndefu hushinda waziwazi; uchachu wake hufanya kazi ya limau na hushika bila kulazimishwa. Fupi itahitaji limau, vinginevyo jamu inakuwa tamu ya kuchosha. Fupi ni nzuri ndani ya keki na mandazi ya kuoka. Zote mbili hukaa wiki nyingi zikiachwa ndani ya vifuko vyao, mahali pakavu na penye ubaridi, na hiyo ni zawadi ambayo sitroberi haiwezi kukupa. Hapa nyumbani tumewahi kula nathi fupi za Septemba siku ya Krismasi.

Wadudu, kwa ufupi

Amerika Kaskazini adui wa zote mbili ni mbawakawa mdogo wa rangi ya manjano iliyokoza, mwenye mistari mitatu myeusi mgongoni. Hutaga mayai ya manjano chini ya jani, na viwavi vyake hujipaka kinyesi chao wenyewe, ukiviona hutavisahau. Geuza majani Juni yote, ponda mayai kwa kidole. Mmea ukishakuwa mkubwa unavumilia. Afrika Mashariki tazama zaidi sota wanaokata miche michanga, utitiri mwekundu wakati wa kiangazi, na minyoo fundo kwenye mizizi.

Mbegu

Mbegu ni ndogo kama za nyanya, ndogo hata kuliko hizo. Zifunike kwa udongo mwembamba tu, ziwe mahali penye joto la nyuzi 24 hadi 27, na uwe na subira ya wiki mbili. Kwa hapa Minnesota nasia ndefu katikati ya Februari na fupi mwanzoni mwa Aprili. Zote hujichavusha zenyewe, kwa hiyo mche mmoja unatosha kuzaa, na mbegu utakazotunza zitatoa mmea ule ule. Tafadhali usibebe mbegu kutoka nyumbani kwenye sanduku la safari. Marekani huzitaka ziwe na cheti cha afya ya mimea, na zitachukuliwa uwanjani. Hakuna haja pia. Nenda supamaketi, nunua kikopo cha nathi ndefu zilizotoka Colombia, nchi inayoziuza kwa wingi kuliko zote duniani, kamua moja ndani ya glasi ya maji, acha mbegu zizame, zikaushe juu ya karatasi. Mmea wangu wa sasa ulianza hivyo.

Fupi haihitaji hata hayo. Matunda uliyoyasahau chini yataota yenyewe Juni ijayo, ingawa yatachelewa kuliko miche ya dirishani.

Na usije ukachukua pakiti ya tatu, ya tomatiyo wa Meksiko. Kifuko ni kile kile, lakini ni mboga ya sosi, na mche mmoja peke yake hauzai kwa sababu haukubali chavua yake wenyewe. Binamu wa Massachusetts alipanda mmoja akautunza mwaka mzima, na maua yote yakadondoka.

Jana usiku shemeji ametuma picha kutoka Texas: pakiti mbili mezani, na swali lile lile. Nimemjibu hivi: "Shemeji, ya kushoto ni fupi, ipande Machi hii. Ya kulia ndiyo ya kwetu, itie kwenye ndoo, na Julai uiweke kwenye kivuli cha mchana."